Kolwezi: Kabla ya kumwaga beto ya etaji, uliza maswali matatu

KOLWEZI – Siku ya kumwaga dale ni siku ya kelele. Betonyeri inazunguka tangu asubuhi, vijana wanapokezana ndoo, mwenye parseli ananunua vinywaji, na majirani wanasimama barabarani kutazama. Jioni beto imelala, na kila mtu anarudi kwake akisema kazi imekwisha.

Lakini swali kubwa, lile la kama dale hiyo itabeba watu, halijibiwi siku ile. Linajibiwa kabla, kwenye karatasi, na mara nyingi kwa msaada wa jedwali dogo la namba ambalo wenye parseli wengi hawajawahi kuliona. Mainjenieri wanaliita jedwali la koefisienti za momenti. Linajaa ukurasa mmoja tu, na mwanafunzi wa ujenzi hulifahamu mapema katika masomo yake.

Tangu Lualaba ilipokuwa jimbo mwaka 2015 na Kolwezi ikawa makao yake makuu, watu wengi wanajenga, na wenye parseli ndogo wanatafuta nafasi kwa kupanda juu. Mji huu pia una jambo lake: chini ya nyumba kuna shaba na kobalti, na watu wanachimba. Kwa hiyo mkaaji wa Dilala au Manika ana sababu ya ziada ya kujua jedwali hili linasema nini, na hasa lina imani gani juu ya nyumba yake.

Hatari si maneno matupu. Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa bado linajengwa Dar es Salaam, Tanzania, lilianguka na kuua watu 36. Jengo likianguka, kwa kawaida makosa ni mengi kwa pamoja: beto, nguzo, udongo, usimamizi. Dale ni sehemu moja tu. Lakini ni sehemu ambayo mwenye nyumba analala chini yake na kutembea juu yake kila siku.

Momenti ni nguvu ya kupinda

Weka ubao juu ya mtaro, kisha simama katikati. Ubao unapinda. Upande wa juu unabanwa, upande wa chini unavutwa. Nguvu hiyo ya kupinda ndiyo mainjenieri wanaiita momenti. Inategemea vitu viwili zaidi ya vyote: uzito ulio juu, na upana wa mtaro. Upana ndio mkali zaidi, maana momenti inafuata mraba wake. Mtaro ukiwa mpana mara 2, momenti inakuwa kubwa mara 4, hata kama uzito wa kila mita haukubadilika.

Beto inavumilia sana kubanwa, lakini haipendi kuvutwa. Nguvu yake ya kuvutwa haifiki hata moja ya kumi ya nguvu yake ya kubanwa. Ndiyo sababu tunaweka vyuma. Chuma kinafanya kazi pale ambapo beto inavutwa. Kikiwekwa upande ambao beto inabanwa, kimenunuliwa bure.

Basi kazi yote ya kupima dale ni kujua mambo matatu: momenti ni kubwa kiasi gani, iko wapi, na inavuta upande gani, wa juu au wa chini. Jedwali linasaidia kujibu hayo, lakini nalo linauliza kwanza.

Swali la kwanza: chumba kina umbo gani?

Tuchukue mfano wa chumba cha mita 4 kwa mita 5, chenye kuta imara pande zote nne. Uzito wa juu utakwenda kwenye kuta zipi?

Fikiria kipande chembamba cha dale kinachovuka mita 4, na kingine kinachovuka mita 5. Vinakutana katikati ya chumba, na hapo lazima vishuke pamoja, kwa sababu ni beto moja. Lakini kipande kirefu kinashuka kirahisi, na kifupi ni kigumu. Ili vishuke sawa, kifupi lazima kibebe zaidi. Hesabu inasema mgawanyo unafuata urefu uliozidishwa mara 4 kwa wenyewe. Kwa chumba chetu, kipande kifupi kinabeba karibu asilimia 71 ya uzito, na kirefu asilimia 29. Kama chumba kingekuwa mita 4 kwa mita 8, kifupi kingebeba asilimia 94.

Hapa ndipo kosa la kwanza la shantie linapoingia. Mtu anaona upande wa mita 5 ni mrefu, anafikiri ndio wenye shida, anaweka vyuma vizito kuufuata. Ni kinyume. Mzigo unapenda njia fupi. Vyuma vikubwa vinavuka upande mfupi, na ndivyo vinavyolala chini kabisa, vikiachiwa tu nafasi ya beto ya kuvifunika.

Vipande viwili vinavyokutana ni picha rahisi tu. Dale halisi inajipinda pia kwenye pembe kama karatasi inayosokotwa, na msokoto huo unasaidia kubeba. Kulihesabu jambo hili kwa mkono ni kazi ngumu. Mfaransa Navier alionyesha njia yake tangu karne ya 19, na mwaka 1921 Westergaard na Slater walichapisha Marekani kazi kubwa kuhusu momenti za dale. Faida ya jedwali ni kwamba wengine walikwisha kufanya hesabu hiyo ngumu. Wewe unagawa upande mfupi kwa upande mrefu, unatafuta mstari, unasoma namba.

Hesabu ya chumba kimoja

Katika shule zetu, mainjenieri wengi wamefundishwa kwa kanuni za Kifaransa zinazoitwa BAEL, ambazo toleo lake linalojulikana zaidi ni la 1991. Siku hizi Eurocode 2 ya Ulaya nayo inaingia. Tutumie jedwali la BAEL.

Dale ya sentimita 15 ina uzito wa kilo 375 kwa kila mita ya mraba, kwa sababu mita moja ya ujazo ya beto yenye vyuma ina uzito wa kilo 2500. Ongeza kilo 150 za chape, karo na lipu. Ongeza kilo 150 za watu na vyombo, kiasi kinachohesabiwa kwa nyumba ya kuishi. Kanuni inataka uzito wa kudumu uzidishwe kwa 1,35 na ule wa watu kwa 1,5, kwa ajili ya usalama. Tunapata kilo 934 kwa mita ya mraba.

Mita 4 kugawa kwa mita 5 ni 0,80. Kwenye mstari wa 0,80 jedwali linatoa namba mbili: 0,0561 na 0,5959. Ya kwanza ni ya upande mfupi. Tunazidisha 0,0561 kwa 934, kisha kwa mraba wa 4, yaani 16. Jibu ni kama 838 kilo-mita kwa kila mita ya upana. Namba ya pili inatuambia upande mrefu unapata asilimia 60 hivi ya hiyo: kilo-mita 500.

Sasa linganisha. Asiyejua jedwali angechukua dale kama ubao unaolala juu ya kuta mbili tu. Angepata 934 mara 16 kugawa kwa 8, yaani 1868. Ni zaidi ya mara mbili.

Kwa vyuma, tofauti inaonekana hivi. Kwa momenti ya 838, chuma cha 8 kila sentimita 20 kinatosha chini ya upande mfupi, pamoja na chuma cha 8 kila sentimita 25 upande mrefu. Kwa 1868, ingebidi chuma cha 10 kila sentimita 15. Kwa chumba hiki kimoja tu, jedwali linaokoa karibu kilo 40 za chuma cha chini. Ukiwa na vyumba 6, mwenye parseli atahesabu mwenyewe.

Lakini jedwali linaweza pia kumnyima mtu usingizi. Hesabu yetu ilitumia kilo 150 za nyumba ya kuishi. Kama mwenye nyumba atakodisha chumba hicho kwa mfanyabiashara, kanuni za Kifaransa zinataka kilo 500 kwa duka. Momenti inapanda kutoka 838 hadi kama 1310. Magunia 10 ya unga ya kilo 25 yakipangwa juu ya mita moja ya mraba, tayari ni kilo 250. Dale iliyopimwa kwa kitanda na kabati haikupimwa kwa depo. Injenieri lazima aambiwe ukweli juu ya kazi ya chumba kabla hajafungua jedwali.

Swali la pili: kingo zimeshikwaje?

Namba tuliyotumia ni ya dale inayolala tu juu ya kuta zake. Lakini dale za nyumba nyingi haziishii kwenye ukuta. Zinapita juu yake na kuendelea chumba cha pili. Hapo mambo yanageuka. Katikati ya chumba beto inavutwa chini, lakini juu ya ukuta wa kati inavutwa upande wa juu, kama mkanda uliokunjwa juu ya kamba ya nguo.

BAEL inaruhusu kupunguza momenti ya katikati hadi asilimia 75 kwa chumba cha ndani au 85 kwa chumba cha pembeni, lakini inadai malipo: juu ya ukuta wa ndani uweke vyuma vya kubeba nusu ya momenti ile, na kwenye ukuta wa mwisho kama asilimia 30. Vyuma hivyo vya juu ndivyo vinavyoitwa shapo. Mtu akichukua punguzo la katikati bila kuweka shapo, amekula deni bila kulipa. Ufa mrefu unaoonekana kwenye karo juu kabisa ya ukuta wa kati mara nyingi ndio risiti ya deni hilo.

Hatari kubwa zaidi ni balkoni. Balkoni imeshikwa upande mmoja tu. Hakuna ukuta wa pili wa kusaidia, hakuna msokoto, na vyuma vyote vya kazi viko juu. Chukua balkoni inayotokeza mita 1,5. Kanuni inaihesabia kilo 350 za watu kwa mita ya mraba, kwa sababu siku ya sherehe wote husimama pale. Uzito unafika kilo 1234, na momenti kwenye ukuta ni 1234 mara mraba wa 1,5 kugawa kwa 2, yaani kama 1388.

Soma tena: balkoni ya mita moja na nusu inadai zaidi ya chumba kizima cha mita 4 kwa 5. Na wengi wanaiona kama pambo.

Halafu inakuja siku ya kumwaga. Vijana wanapita na ndoo, wanakanyaga vyuma vya juu, vinashuka. Chuma kilichopaswa kukaa sentimita 12 juu ya kofraji kikishuka hadi 8, nguvu ya balkoni inapungua kwa theluthi. Kikishuka hadi chini kabisa, balkoni haina chuma cha kazi hata kama risiti ya kwincaye inaonyesha kilo zote zilinunuliwa. Jedwali lilikuwa sahihi, hesabu ilikuwa sahihi, na viatu vimeiharibu. Viti vya chuma vya kushikilia shapo na mbao za kupitia wafanyakazi si gharama kubwa.

Pembe nazo zinasahauliwa. Dale iliyoshikwa pande nne inataka kuinuka kwenye pembe zake, kama chapati inavyojikunja kwenye sahani. Namba za jedwali zinaamini kwamba pembe hizo zimezuiwa na kwamba zina vyuma vya kupinga msokoto. Ufa unaokata pembe ya chumba kwa mshazari ni alama ya kuchunguza.

Swali la tatu: ukuta umesimama juu ya nini?

Hapa Kolwezi ndiyo sehemu nzito ya habari hii. Majedwali yote, ya Kifaransa, ya Kiingereza au ya Kimarekani, yanaamini jambo moja bila kulisema kwa sauti: kuta na mihimili inayoshika dale haishuki. Hakuna mstari wa jedwali kwa ukuta unaozama.

Mwaka 2014, kobalti ilipogunduliwa chini ya mtaa wa Kasulo, watu walianza kuchimba ndani ya parseli, na wengine ndani ya nyumba zenyewe. Mashimo yalishuka na kusambaa chini ya kuta za majirani. Mwaka 2017 serikali ya jimbo ilihamisha familia za sehemu moja ya mtaa huo ili uchimbaji uendelee ndani ya uzio. Kwingine, shida inatoka kwenye baruti. Katika ripoti ya Septemba 2023, Amnesty International pamoja na shirika la Kolwezi liitwalo IBGDH walieleza jinsi wakaaji wa Cité Gécamines, karibu na chimbo, walivyolalamika juu ya nyufa katika nyumba zao wakati wa kulipua miamba.

Ili kuona maana yake kwa dale, rudi kwenye ubao wetu. Chukua vyumba viwili vya mita 4 vilivyofuatana, na dale moja inayopita juu ya ukuta wa kati. Injenieri ameweka shapo juu ya ukuta huo, na chini yake ameacha vyuma vichache, kama jedwali linavyomruhusu. Sasa udongo chini ya ukuta wa kati unaondoka, kwa shimo la mchimbaji au kwa maji ya mvua yaliyopata njia. Ukuta unashuka na kuacha kubeba. Dale iliyokuwa na mitaro miwili ya mita 4 sasa ina mtaro mmoja wa mita 8. Upana umekuwa mara 2, momenti imekuwa mara 4: kwa kipande kinacholala juu ya kuta mbili tu, kutoka 1868 hadi 7472. Baya zaidi, sasa inavuta upande wa chini, katikati, mahali hasa ambapo vyuma ni vichache. Shapo zote ziko juu, upande usiohitajika tena.

Hata ukuta usiposhuka kabisa, sentimita chache zinatosha kuhamisha momenti kutoka sehemu yenye chuma kwenda sehemu isiyo nacho. Kwa hiyo dale iliyohesabiwa vizuri Lubumbashi au Kinshasa haiwi salama Kolwezi kwa sababu tu namba ni zilezile. Namba ni zilezile kama udongo umetulia.

Na si mchimbaji peke yake anayeweza kuondoa ukuta. Mwenye nyumba anayevunja ukuta wa kati wa chini ili kupanua butiki yake amefanya jambo lilelile kwa nyundo. Kama hakuna muhimili uliopimwa kuchukua nafasi ya ukuta huo, dale ya juu imepewa mtaro wa mita 8 siku hiyohiyo.

Usichanganye majedwali

Simu zimerahisisha kutafuta namba, na pia zimerahisisha kukosea. Ukivuka Kasumbalesa kuingia Zambia, au ukifika Tanzania na Kenya, utakuta mainjenieri waliofundishwa kwa kanuni ya Kiingereza BS 8110. Nayo ina jedwali la dale, lenye aina 9 za kingo. Kwa chumba cha mraba kilichokaa tu juu ya kuta nne, jedwali hilo linatoa 0,055. La BAEL linatoa 0,0368.

Hakuna aliyedanganya. Misingi ya hesabu ni tofauti, na hata namba za usalama ni tofauti: Waingereza wanazidisha uzito kwa 1,4 na 1,6, Wafaransa kwa 1,35 na 1,5. Kila jedwali linafanya kazi ndani ya kitabu chake. Anayechukua koefisienti ya kitabu kimoja na uzito wa kingine ametengeneza kanuni yake mwenyewe, ambayo hakuna aliyeijaribu.

Kabla ya kumwaga

Mwenye parseli hahitaji kuwa injenieri. Lakini ana haki ya kuuliza, kwa heshima, na ya kupata jibu lililoandikwa.

Kwanza, aombe kuona ukurasa wa hesabu ya dale, wenye vipimo vya kila chumba, uzito uliotumika na jina la kanuni. Pili, aombe mchoro wa vyuma unaotenganisha vya chini na vya juu, na siku moja kabla ya kumwaga apande juu na mita mkononi. Ahesabu nafasi kati ya vyuma, aangalie kama vizito vinavuka upande mfupi, aone kama shapo na vyuma vya balkoni viko juu na vimeshikwa. Kazi hiyo inachukua nusu saa. Baada ya beto kumwagwa, hakuna macho yanayoweza kuiona tena.

Tatu, aulize juu ya udongo. Je, kuna shimo lolote lililowahi kuchimbwa katika parseli hii au ya jirani? Maji ya mvua yanapita wapi kuanzia Novemba hadi Aprili? Kama jibu ni la wasiwasi, misingi ichunguzwe kwanza, hata kama kazi itachelewa msimu mmoja.

Nne, beto yenyewe. Hesabu zetu zilichukua beto ya kawaida ya kilo 350 za simenti kwa mita ya ujazo, yaani mifuko 7 ya kilo 50. Nguvu yake inapimwa baada ya siku 28, na inahitaji kumwagiwa maji angalau wiki ya kwanza. Anayeng'oa potele mapema kwa sababu amelipia mbao kwa siku anaijaribu dale kabla haijakomaa.

Na kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, ufa mpya juu ya ukuta wa kati, kwenye pembe au pale balkoni inapoungana na nyumba haupaswi kuzibwa kwa simenti na rangi kwanza. Weka alama na tarehe kwenye ncha zake mbili, pima upana wake, na utazame baada ya wiki. Ukiwa unakua, ondoa watu chini yake na juu yake, kisha mwite injenieri. Mlete kabla ya masoni.